Kwenu wazazi wa vijana wa sekondari, na nyie mashangazi na wajomba zao

Salaam wanangu. Mimi bibi yenu nawaandikia nyie mnaolea vijana sa hivi, maana ninayoyaona mtaani yananinyima usingizi. Nasema moja tu: mtoto wako si lazima akwambie wewe, ila lazima awepo mtu mzima wa kumwambia.

Hili kwetu si geni jamani. Kwa baba kuna heshima na woga, kwa babu na bibi kuna utani, binti wa pwani alikuwa na somo wake, yule mama wa kumfunda, mvulana na mjomba wake, kwaiyo lililomshinda kulisema nyumbani lilikuwa na pa kwenda. Sa hivi babu yuko kijijini, shangazi mnaonana misibani, mtoto yuko bweni au kajifungia chumbani na simu. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 mpaka 19 ana tatizo la afya ya akili, sasa piga hesabu, darasa la watoto 60 ni kama wanane hao.

Alafu msimkalishe kwenye kochi kama mshtakiwa. Mjukuu wangu wa kiume alikuwa hali chakula vizuri, haongei, ukimuuliza "niko poa bibi". Siku moja nikampa ungo tuchambue mchele, macho yake yako kwenye chuya na vijiwe, hakuna anayemtazama, ndo akasema bibi mi silali, nikifumba macho naona matokeo ya Form Four. Sikumpa mawaidha, nikamuuliza tu tangu lini, akaendelea mwenyewe mpaka mchele ukaisha tukaongeza mwingine.

Acheni yale ya "jikaze wewe mwanaume" na "sisi enzi zetu", na kumtishia mtoto kwamba atapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, ndo mbaya kabisa, sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, ni ugonjwa, unatibika, na hospitali si adhabu.

Akisema amechoka kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Najua mnaogopa mtampa wazo, hapana, kumuuliza hakumpandikizii wazo, kunamfungulia mlango wa kusema. Hapo usimwahidi siri, mwambie hili mwanangu tutalibeba na wengine, usimwache peke yake, sumu ya panya na madawa yatoke humo ndani, muende hospitali. Na ile namba 116 ya kusaidia watoto ni bure, hata yeye mwenyewe anaweza kupiga.

Na wewe mama, ukisikia kaongea na shangazi yake kabla yako usinune, wala usimbane shangazi akumwagie yote. La hatari atakwambia, mengine mwachie mtoto.

Leo jioni muulizeni, "ukizidiwa utamwendea nani?" Akitaja mtu, mpigieni huyo mtu mumwambie ametajwa, na kama mtoto hana namba yake, mwekeeni kwenye simu.

Bibi yenu, Tanga