Barua kwa vijana mnaoandika simulizi na kujichapishia

Wanangu,

Nawasalimu nyote mnaoandika usiku na kutuma "sehemu inayofuata" kwenye magrupu ya WhatsApp. Nasikia mnaambiwa kwamba anayeanza riwaya bila kupanga sura zake zote si mwandishi. Msikubali. Wala msione haya kujichapishia: marehemu Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko Publishers, na vitabu vyake vikatoka huko.

Lakini asiyepanga sharti akumbuke alichokwisha kuandika. Kabla ya kuandika ya leo, soma ya jana yote na uirekebishe hapo hapo. Kisha uwe na daftari: majina, umri, vijiji, na zaidi ya yote, nani anajua siri ipi. Msomaji wa hadithi ya upelelezi humsamehe mwandishi mengi, ila si askari anayejua jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Ukigundua kwenye sehemu ya 20 kwamba muuaji ni shangazi, furahi, maana hata msomaji hakumshuku. Ila kabla hadithi haijawa kitabu, rudi nyuma umpitishe shangazi mlangoni mara mbili tatu. Hapo inatosha. Lugha iliyokuja na moto wake iacheni. Nimesoma miswada iliyosahihishwa hadi kila mhusika, mpaka kondakta wa daladala, anazungumza kama taarifa ya habari.

Jambo linaloniuma ni hadithi zinazokatwa njiani. Mama wa watu amelipa kwa M-Pesa, amefuata hadi sehemu ya 30, kisha kimya. Hiyo ni dhuluma, na kesho hatamwamini mwenzako. Kama huoni mwisho hata kwa mbali, andika bila kutoza mpaka uuone.

Ukifika kuchapa, mpe mtu mwingine asome kwa ajili ya "h" zilizopotea na "r" zilizogeuka "l". Macho yako yameshazoea. Namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, kwa Tanzania huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Muulize mwenye mtambo anakunja karatasi kwa kurasa ngapi, mara nyingi ni 16, kwa sababu kurasa mbili za ziada zinaweza kukugharimu mkunjo mzima, yaani karatasi kubwa nyingine nzima. Anza na nakala chache, uza, ndipo uongeze.

Na aliyekwama katikati ya hadithi aniletee na daftari lake. Tutakaa tuisome pamoja.

Mzee wenu