Njaa ya kukosa usingizi si njaa ya ugali

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili. Unasema hii ni wiki ya tatu tangu uache ugali, wali na chapati ili upungue uzito. Siku za mapumziko unakaa vizuri tu, ila ukiwa na zamu za usiku wodini njaa inakushika hadi unamaliza maandazi manne pale getini, halafu unajilaumu kwamba huna msimamo. Naomba uache kujilaumu. Njaa hiyo inatoka kwenye usingizi ulioukosa, na ukiitibu kwa kubana chakula zaidi utaikuza.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapima vijana wa kiume 12 wenye afya njema. Kuna siku mbili walipewa masaa 4 tu ya kulala kila usiku, na siku mbili nyingine walipewa masaa 10. Walipolala kidogo, ghrelini, yaani homoni ya tumboni inayoamsha njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Leptini, ambayo hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, ilishuka kwa asilimia 18. Na walichokitamani hakikuwa mchicha: hamu iliongezeka zaidi kwa vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Hao walikuwa hawajaacha ugali wala wali. Sasa wewe umeviondoa vyakula hivyohivyo mezani, ndiyo maana unaona kama mwili mzima unakuasi.

Utafiti mwingine wa Chicago, wa mwaka 2010, ndio ninaotaka uukumbuke kuliko huo. Watu 10 wenye uzito uliozidi walipunguziwa chakula kwa siku 14, mara moja wakipewa masaa 8.5 ya kulala, mara nyingine 5.5. Kwenye mizani walipungua karibu sawa. Lakini walipolala kidogo, mafuta waliyopoteza yalikuwa pungufu kwa asilimia 55, na sehemu kubwa ya uzito ulioondoka ilikuwa misuli na viungo vingine visivyo mafuta. Kwa hiyo wiki ya zamu za usiku usiifanye wiki ya kujipunguza. Ifanye wiki ya kushikilia ulipofika. Kula ushibe, linda usingizi, utaendelea kupungua ukirudi kwenye zamu ya mchana.

Tuje kwenye sahani. Kwa kilo zako 65, lenga protini gramu 95 hivi kwa siku, na uigawe mara tatu. Saa 11 jioni, kabla ya kutoka nyumbani, kula samaki gramu 150 na yai moja, mboga ya majani ya kujaza nusu sahani, na nusu parachichi. Ukipata bamia au mlenda, usiache. Ule ute huchelewesha chakula kutoka tumboni. Saa 6 usiku kula dagaa wakavu gramu 50, ambao peke yao wana protini kama gramu 30. Asubuhi mayai matatu ya kuchemsha na kikombe cha mtindi usiotiwa sukari. Mayai haya uyale ukiwa bado kazini, dakika 20 kabla ya kutoka. Ukifika getini tumbo tupu, baada ya masaa 12 ya kusimama, harufu ya andazi itakushinda, na ingemshinda mtu yeyote.

Karanga nazijua unavyozipenda. Pima konzi moja, gramu 30, uweke kwenye kikopo na mfuko ubaki nyumbani. Konzi hiyo ina kalori kama 170. Kikombe kizima kinapita 800, na mtu mwenye usingizi hukimaliza akiandika ripoti bila kujua.

Halafu kuna chai. Umeandika kwamba huli wanga kabisa, lakini unakunywa vikombe vinne kwa usiku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 4. Hizo ni gramu 48 za sukari, kama umekula sahani ya wali. Inapanda haraka, inashuka haraka, na saa 9 usiku unajisikia mnyonge tena. Punguza kijiko kimoja kila siku tatu hadi uzoee tangawizi na maziwa tu. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa 7 usiku. Kafeini huchukua kama masaa 5 kupungua nusu, kwa hiyo chai ya saa 11 alfajiri unaingia nayo kitandani.

Kuna kitu kingine kinachojifanya njaa. Ukipunguza wanga, mwili unatumia akiba yake ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, na akiba hiyo imeshika maji mengi. Maji yanatoka, figo zinatoa na chumvi, kisha unaumwa kichwa, unasikia kizunguzungu na kutamani kula chochote. Ikikushika hivyo, kunywa kikombe cha supu ya mifupa au ya samaki iliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, usubiri dakika 20. Mara nyingi inaisha. Hili ni la wiki za mwanzo tu, na mwenye presha au ugonjwa wa figo asilifanye.

Supu isipomaliza, jiulize: ningepewa samaki wa kuchemsha sasa hivi, ningemla? Kama ndiyo, una njaa kweli, kula. Kama unachotaka ni andazi tu na si kingine, huo ni usingizi. Omba mwenzako akushikie, ulale dakika 20, usizidishe 30, maana ukizama zaidi utaamka mzito. Ukiamka jipe robo saa kabla ya kugusa dawa za mgonjwa.

Ukifika nyumbani, funga madirisha kwa kitambaa kizito cheusi. Kanga haitoshi, mwanga unapenya. Simu ibaki sebuleni. Na siku ukiwa umekosa usingizi kabisa, kula kiazi kitamu cha kuchemsha gramu 150 kabla ya kulala. Kina wanga kama gramu 30. Najua utashtuka, lakini kuna watu ambao wakiacha wanga ghafla usingizi huwakimbia wiki za mwanzo, na kiazi kimoja hakiharibu kazi uliyoifanya. Usingizi wa masaa mawili zaidi una faida kuliko kukikwepa.

Umeuliza kama rafiki yako mwenye kisukari afuate mpango huu. Asianze kabla ya kuonana na daktari wake. Kama anachoma insulini au anameza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, akipunguza wanga bila kupunguziwa dozi, sukari inaweza kushuka akiwa usingizini. Mjamzito na anayenyonyesha vilevile wasubiri.

Mdogo wako anakuja Jumamosi na dagaa wa Mwanza kilo mbili. Toa vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili hadi mchanga uishe, waanike, kisha wakaange kwa mafuta kidogo na ndimu mpaka wavunjike mkononi. Ukiwafungia kwenye kopo kavu watafika mwisho wa zamu zako.

Mama yako