Kwa Nini Mtoto Mchanga Hupiga Chafya Mara kwa Mara?

Wateja wengi wanaofika kwenye duka letu la dawa wakiwa na mtoto ambaye hajatimiza arobaini huomba dawa ya mafua kwa sababu moja tu: mtoto anapiga chafya kila mara. Mara nyingi tunawarudisha nyumbani bila kuwauzia kitu, na ni haki yao kujua sababu.

Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua kuliko kwa mdomo, na njia za pua yake ni nyembamba kiasi kwamba kamasi kidogo iliyokauka, vumbi, au maziwa yaliyopanda puani wakati wa kucheua hutosha kumsumbua. Kwa kuwa hawezi kupenga, huisafisha pua kwa chafya, ambayo katika siku za mwanzo husaidia pia kutoa mabaki ya majimaji aliyozaliwa nayo. Ikiwa ananyonya na kulala vizuri, hana homa wala hapumui kwa shida, chafya peke yake si ugonjwa.

Kinachostahili kuchunguzwa kwanza ni chumba. Moshi wa sigara na wa jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, marashi, na hata ubani na udi anaofukiziwa mzazi, vyote humkera mtoto puani. Poda nayo (tunaiuza, lakini hatuna budi kusema) hupeperuka pale mama anapoikung'utia shingoni mwa mtoto, na vumbi lake akalivuta palepale. Ngozi yake haiihitaji.

Pua ikiziba hadi kunyonya kukawa kwa tabu, tunatoa matone ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyotengenezwa kiwandani, tone moja au mawili kila tundu kabla ya kunyonyesha. Usikoroge chumvi ya jikoni, wala usimtie mafuta puani, kwani yanaweza kuteremka hadi kwenye mapafu. Dawa za mafua na kikohozi za kunywa hatumuuzii mtoto wa umri huu, hata mteja akikasirika.

Mtoto akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, akivuta pumzi 60 au zaidi kwa dakika nzima ilhali ametulia, kifua kikibonyea anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali wakati huohuo, iwe usiku au mchana, bila kupitia kwanza dukani kwetu.