Makali kwanza, mng'ao baadaye

Mikindani, Mtwara

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Lindi. Umeuliza kwa nini kisu chako cha samaki kinameremeta kama kioo, lakini gazeti kinalichana badala ya kulikata. Umekimbilia msasa laini mapema. Makali huzaliwa kwenye msasa mkali. Ule laini unayasafisha tu.

Mawe ya kunolea ya bei achana nayo kwanza. Nunua msasa wa maji, ule wa mafundi rangi za magari, namba 400 (ndio mkali), 1000 na 2000 (ndio laini kabisa), karatasi moja moja. Lowesha karatasi, ilaze juu ya kioo kinene, na chini ya kioo weka kitambaa kibichi kisiteleze. Maji yasikauke, maana ndiyo yanayoondoa unga wa chuma unaoziba msasa.

Kisha paka wino wa maka peni kwenye makali, pande zote mbili. Kama bapa lina upana wa milimita 30, inua mgongo milimita 8 hadi 10 kutoka kwenye msasa. Hapo uko kati ya digrii 15 na 20. Vuta mara mbili, utazame wino. Ukifutika juu tu, kuelekea mgongoni, umekilaza mno. Ukifutika kwenye ukingo wa makali tu, umekiinua mno. Mgongo ndio utangulie, makali yafuate, la sivyo utauchana msasa. Ukikaribia nchani, inua mpini kidogo kufuata mkunjo.

Sasa penye kazi yenyewe. Baki upande mmoja, namba 400, mpaka uzi mwembamba wa chuma ujikunjie upande wa pili. Macho hayauoni kirahisi. Papasa kwa kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje, wala usikipitishe kidole kwa urefu wa makali. Utahisi kitu kinakwamakwama. Uwepo kuanzia mpinini hadi nchani. Pale usipouhisi, pande mbili bado hazijakutana, na hata namba 2000 haitapaokoa. Ndiyo maana kuhesabu mivuto hakusaidii: kisu kilichochoka sana kinataka mingi, kingine kidogo tu. Ukiupata, geuza, uutafute tena upande ule mwingine.

Kabla ya kubadili namba, osha kisu na mikono. Chembe moja ya 400 ikihamia kwenye 2000 itachora mistari migumu kuifuta. Kwenye 1000 na 2000 punguza uzito wa mkono: mivuto mitano kila upande, mitatu, halafu mmoja mmoja kwa uzito wa kisu chenyewe. Uzi ukibaki, kisu kitakata vizuri leo na kesho kitakuwa butu, kwa sababu ulikuwa unakatia uzi, si makali.

Mwisho, mkanda wa zamani wa ngozi halisi, uliobandikwa kwenye ubao na kupakwa dawa kidogo ya kung'arishia shaba. Vuta mara 10 hadi 15 kila upande. Usikandamize: ngozi hubonyea, ikapanda na kuyaviringisha makali uliyoyahangaikia. Elekeza makali juu, chini ya taa. Ukiona kistari cheupe, hapo bado butu.

Kwangu mimi, mng'ao huu ni wa kuchukulia minofu ya nguru na jodari. Kisu cha nyanya kiachie 1000, mikwaruzo yake midogo huing'ata ngozi. Panga la madafu linatosha kunolewa kwa tupa. Na mnoaji wa mashine akikurudishia bapa lenye rangi ya buluu, chuma kimeungua. Sehemu hiyo haitakaa na makali mpaka inolewe iishe.

Hewa ya chumvi unaijua, kwa hiyo kausha kisu na ukipake mafuta ya nazi. Wino ukikusumbua, nitumie picha kabla hujagusa namba 1000.

Swahiba wako