JavaScript haihitaji alama ya + iwe funksheni

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyowafundisha vijana JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mwandishi alieleza kwamba alama za hesabu katika lugha hiyo haziwezi kukabidhiwa kwa funksheni (kipande cha programu kinachopokea thamani na kutoa jibu), tofauti na lugha za Haskell au Scheme, akaiita hali hiyo kasoro. Maelezo yake ni sahihi. Hukumu yake ndiyo ninayoipinga.

Katika Scheme, + ni jina la funksheni kama majina mengine, hivyo anayeandika (+ 2 3 4) hupata 9. Ajabu ni kwamba Brendan Eich, aliyeiunda JavaScript mwaka 1995 akiwa katika kampuni ya Netscape, aliajiriwa kwa ahadi ya kuiingiza Scheme ndani ya kivinjari, kisha wakuu wakataka lugha inayofanana na Java kwa sura. Funksheni zilibaki kuwa thamani zinazoweza kupokewa na kutolewa, lakini alama za hesabu zikafuata desturi ya Java na C, zikawa sehemu ya sarufi tu. Ndiyo maana anayetaka kujumlisha orodha iitwayo bei kwa reduce, amri inayopitia orodha na kuifanya thamani moja, hawezi kuandika bei.reduce(+), bali huandika bei.reduce((a, b) => a + b, 0).

Tuseme kasoro anayoilalamikia mwandishi imeondolewa, na + imekuwa funksheni inayopokea thamani zozote inazopewa, kama ile ya Scheme. Tatizo ni kwamba reduce huikabidhi funksheni thamani nne, si mbili: jumla iliyofikiwa, kipengele cha sasa, nafasi ya kipengele hicho, na orodha nzima. Alama yetu ingezijumlisha zote. Anayedhani natia chumvi na ajaribu [1, 2, 3].reduce(Math.max): hatapata 3 bali NaN, yaani "si namba", kwa kuwa Math.max, inayotafuta namba kubwa kuliko zote, nayo hupokea kila kitu, orodha ikiwemo. Kwa upande mwingine, [2, 3, 2].reduce(Math.pow) hutoa 64 bila shida, kwa sababu Math.pow, inayokokotoa vipeo, hutazama thamani mbili za mwanzo tu na kuziacha nyingine.

Lipo jingine, ambalo kwangu ni zito zaidi. Alama ya + katika JavaScript hujumlisha namba na pia huunganisha maandishi. Anachoandika mteja kwenye fomu ya tovuti kwa kawaida huifikia programu kikiwa maandishi, hata kama ni tarakimu tupu, kwa hiyo 1500 na 2000 zikiunganishwa kwa + huwa 15002000, ilhali zikitolewa kwa - hupatikana -500, jibu sahihi kabisa, kwa kuwa alama hiyo huyageuza maandishi kuwa namba kwanza. Funksheni yenye jina, kwa mfano const jumlisha = (a, b) => Number(a) + Number(b), humpa mtunzi wa programu mahali pa kuweka kinga hiyo. Alama iliyokabidhiwa peke yake haina mahali hapo.

Ningeomba makala ijayo iwaelekeze wanafunzi kujiandikia funksheni nne ndogo za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na iwaeleze kwa nini ile 0 ya mwisho ndani ya reduce isiachwe: orodha ikiwa tupu na 0 haipo, reduce hutupa kosa la TypeError.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro