Malalamiko kuhusu spoila ya mbele ya Datsun 240Z

Mombasa

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Vipuri na Mapambo ya Magari,
Nairobi.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: SPOILA YA MBELE ISIYOLINGANA NA TANGAZO, NA OMBI LA KUREJESHEWA FEDHA

Nawaandikia kuhusu spoila ya mbele, yaani kile kipande kinachofungwa chini ya bampa kuzuia hewa isiingie chini ya gari, kwa sababu simu zimenichosha. Kila nikipiga napokewa na mtu mwingine, nami huanza kueleza upya tangu alifu, na kila mmoja hunijibu kwamba spoila ni ile ile tu, nimwambie fundi akaze nati. Sasa jambo hili lipo kwenye karatasi. Namwomba atakayekabidhiwa barua hii aisome hadi mwisho kabla hajaniambia nikaze.

Tangazo lenu lilisema hivi: spoila ya mbele ya Datsun 240Z, ya faibaglasi, inafungwa kwenye matundu ya kiwandani bila kukata wala kuchomelea, ina njia za hewa za kupoza breki. Kabla ya kulipa nilimwandikia muuzaji wenu kwamba gari langu ni la 1972, bampa zake ni zile nyembamba za kromu, indiketa ziko chini ya bampa, na kwamba nalipeleka Nairobi kwa barabara na Diani kwa feri ya Likoni. Nilimuuliza waziwazi kama spoila hiyo inafaa kwa gari la namna hiyo na kwa safari za namna hiyo. Jibu lake, ambalo nimeliambatisha, lilikuwa "inaingia bila shida, na kadiri inavyoshuka ndivyo bora". Nikalipa siku hiyo hiyo.

Kilichofika kwa basi si spoila ya 240Z. Ni ya 280Z, gari lililotoka baadaye, kati ya 1975 na 1978, na ambalo huko Marekani liliuzwa likiwa na bampa kubwa zilizokaa juu ya vifaa vya kufyonza mgongano kwa sababu ya sheria za kule. Kwa mbali magari hayo mawili yanafanana sana, na mtu asiyeyajua anaweza kuyachanganya. Lakini muuza vipuri hana ruhusa ya kuangalia kwa mbali. Kwenye 240Z indiketa za mbele zimekaa chini ya bampa. Kwenye 280Z zilipandishwa zikawekwa kwenye grili. Spoila mliyonitumia ni bapa tupu mahali ambapo indiketa zangu zinapaswa kuchungulia. Nikiifunga kama ilivyo, nitaendesha gari lisiloonyesha linakata kona upande gani. Je, huko ndiko kuingia bila shida?

Ukingo wake wa juu nao umepindwa kupisha ile bampa kubwa. Ukiulaza kwenye gari langu unabaki mwanya unaopitisha mkono mzima katikati, huku ncha zake mbili zikigonga fenda. Matundu ya bolti hayakutani na matundu ya kiwandani hata upande mmoja. Hapo ndipo wenzenu wa simu wanaponiambia nikaze. Faibaglasi ikivutwa kwa nguvu ya nati hainyooki, inapasuka; na isipopasuka leo kwenye jeki, itapasuka kesho kwenye matuta ya Mariakani.

Niliipeleka kwa fundi mmoja wa Mtwapa ambaye kazi yake ni mashua za faibaglasi, mtu anayeijua resini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za kioo, kuliko mimi na nyinyi pamoja. Aliigonga kwa kifundo cha kidole kutoka ncha hadi ncha akasikiliza. Upande wa kushoto mlio ulikuwa mkavu. Upande wa kulia ukawa bubu, kwa maana kuna viputo vya hewa vilivyonaswa ndani. Akaishika kwenye jua: sehemu nyingine ni nene mno, sehemu nyingine mwanga unapenya, nyuzi za kioo zinaonekana na resini ni kidogo. Mbaya zaidi, sehemu nyembamba kuliko zote ni pale kwenye kona za chini, panapopokea upepo wote na kila jiwe la barabarani. Haina hata mikono ya chuma ya kuishikilia kutoka nyuma, ambayo spoila ya kina hiki haiwezi kukosa. Bila hiyo, upepo unaikunja ikaenda kulala chini ya gari. Mikono hiyo haikutajwa popote kwenye tangazo, na nilipouliza niliambiwa kila mteja hujitengenezea yake.

Zile njia za hewa za breki ni picha tu. Kuna miduara miwili iliyochorwa kwenye umbo, imezibwa, na nyuma yake hakuna hata shingo ya kuvalishia bomba. Huwezi kutangaza dirisha kisha ukauza ukuta.

Huenda mtasema haya ni mapambo na mteja anadekeza gari. Ndiyo maana nataka mwelewe kwa nini niliitafuta spoila hii, kwa sababu naona mnaiuza bila kujua kazi yake. Pua ya 240Z ni ndefu na mdomo wake ni mpana. Hewa inayoingia kwenye grili hujazana ndani ya boneti, haina pa kutokea kwa urahisi, na nyingine hupita chini ya gari; matokeo yake ni kwamba sehemu ya mbele huinuliwa. Kila aliyewahi kuendesha gari hili kwa kasi anajua usukani unavyokuwa mwepesi. Nguvu hiyo haipandi sambamba na mwendo: ukiongeza mwendo maradufu, yenyewe huwa mara nne. Kwa hiyo mjini, kwenye kilomita 50 kwa saa, hutahisi lolote. Lakini kati ya Voi na Mtito Andei, kwenye kilomita 100 ambazo sheria inaruhusu, upepo wa pembeni ukivuma na lori la kontena likikupita upande wa pili, mbele ya gari huyumba na dereva hujikuta ameukamata usukani kwa mikono miwili akiomba Mungu. Spoila iliyotengenezwa sawasawa huizuia hewa isiingie chini, huisukuma pembeni, na shinikizo la chini ya gari hupungua. Hewa ya moto iliyoko nyuma ya rejeta nayo hupata pa kuvutwa. Si uganga huo. Pete Brock na timu yake ya mbio za magari, BRE, kule California walizikimbiza 240Z zikiwa na spoila chini ya pua, na dereva wao John Morton akachukua ubingwa wa kitaifa wa SCCA, chama cha mbio za magari cha Marekani, katika daraja lao mwaka 1970 na 1971.

Sasa kitu cha namna hiyo kikiwa kimeshikiliwa na bolti zilizolazimishwa, kisha kikang'oka kwenye mwendo huo, hakiendi mbali. Kinaingia chini ya tairi la mbele la gari lenyewe.

Kuhusu kina chake, nilishangaa zaidi. Muuzaji wenu alijua navuka Likoni. Mtu yeyote wa Mombasa anajua gari linavyoinamisha pua pale panapokutana mteremko na mlango wa feri, hasa maji yakiwa yamekupwa. Spoila hii, hata kama ingelingana na gari, ingekwaruza mlangoni siku ya kwanza. Kwa barabara za uwanja wa mashindano huenda kina hicho kinafaa. Kwa gari la barabarani hapa kwetu inatakiwa fupi, na afadhali ingekuwa ya mpira mgumu unaopinda na kurudi kuliko faibaglasi. Ningeambiwa hivyo ningechagua nyingine, hata kama si kutoka kwenu. Niliuliza ili nishauriwe, nikapigiwa debe.

Katika simu moja, kijana wenu alinieleza kwamba hii ndiyo spoila iliyoshinda Safari Rally. Nilimsikiliza kwa heshima. Ni kweli 240Z ilishinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Tazameni picha za magari hayo: yamejaa tope, yamebeba taa kubwa, yameinuliwa yapite kwenye mawe, na chini ya bampa hakuna kitu cha aina hii kinachoning'inia. Wangekiacha mtoni mapema. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini msikitembeze kibaya kwa jina la Mehta mbele ya watu ambao wazazi wao walisimama kando ya barabara wakimshangilia.

Madai yangu ni haya. Nirudishiwe fedha zote nilizolipia spoila, pamoja na nauli ya kuisafirisha kuja Mombasa na malipo ya fundi aliyeikagua. Risiti zote zimo ndani ya bahasha hii. Nyinyi ndio mtakaogharamia kuirudisha Nairobi. Sitaki kubadilishiwa nyingine, kwa sababu katika simu zote hizo sikupata mtu mmoja aliyeweza kuniambia tofauti ya 240Z na 280Z, na sina sababu ya kuamini kwamba itakayofuata itapimwa na mtu tofauti. Pia naomba mlitoe tangazo hilo, au mliandike upya liseme ni ya 280Z, njia za hewa zimezibwa, na mikono ya chuma haimo.

Msiniambie imeshafungwa au imeshapakwa rangi. Haijatobolewa hata tundu moja na haijaguswa na rangi. Tuliijaribisha kwa kuishikilia kwa mikono na utepe wa karatasi, kama inavyofanywa na kila fundi mwenye akili kabla ya kushika drili, na picha tulizopiga zinaonyesha mwanya, fenda na mahali pa indiketa. Nimeziambatisha pamoja na nakala ya tangazo na mazungumzo yangu na muuzaji.

Chini ya risiti yenu mmeandika kwamba mali ikishauzwa haikubaliwi tena. Mali niliyouziwa ni spoila ya 240Z, nayo sijaipokea mpaka leo. Nawakumbusha pia kwamba Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Na ipo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Sipendi kufika huko kwa ajili ya kipande cha faibaglasi. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii, na baada ya hapo nitafika huko.

Spoila iko kwa fundi Mtwapa, imefungwa kwenye boksi lile lile mlilolituma. Mjumbe wenu anaweza kuichukua siku yoyote ya kazi, ilimradi fedha ziwe zimetangulia kwa M-Pesa kwenye nambari iliyo kwenye oda. Nijibuni kwa maandishi. Simu zenu sitazipokea tena kuhusu jambo hili.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, mwenye 240Z