Barua kwa Mama Zubeda

Bugembe, Jinja

Mama Zubeda,

Salaam nyingi. Mvua imetunyea wiki nzima lakini tuko wazima. Ile barua unayotaka kuipeleka kwa kamati ya wazazi, ya kuomba Kiswahili kifundishwe shuleni kwenu, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Usinune.

Umeanza vizuri, halafu ukaandika kwamba mzazi asiyetaka mwanawe asome Kiswahili "amelala usingizi". Hapo umemtukana mtu, hoja yake ukaiacha imesimama palepale.

Jirani yangu, mzee wa Masaka, aliniambia maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyoyajua ni "lala chini!" Aliambiwa na askari, kwenye kizuizi cha barabarani. Wewe unamletea mtu kama huyo katiba ya Uganda, kwamba tangu 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili. Atakucheka. Kwani Idi Amin naye, alipotutawala na askari wake, hakukitangaza lugha ya taifa 1973? Kwake tangazo si sababu.

Basi liandike pingamizi lake kwa uzito wake wote, mpaka akisoma aseme, "Eh, huyu kanisikia." Ndipo umjibu: kweli, lugha hii ilitumika kututisha, ila kilichotisha ni bunduki. Dereva wa lori anayeingia mpakani Malaba kutoka Mombasa anasema Kiswahili hichohicho, na anachotaka ni chai na chapati mbili. Mfano huo mmoja unatosha, usirundike.

Tena futa "kila mtu Afrika Mashariki anakijua." Akitokea mzazi mmoja tu akasema, "Mimi sikijui," sentensi imekufa, na zile za kweli zinazoifuata zitatiliwa shaka bure.

Lililonisumbua zaidi ni walimu, kwa sababu umelikwepa kabisa. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, sawa, lakini mwenyekiti wenu atauliza swali moja: nani atashika chaki? Usingoje aulize, litaje wewe kwanza. Kama mwalimu mnaye mmoja, sema ni mmoja, na uombe darasa la nne peke yake kwa mwaka huu. Ukiomba shule nzima umempa sababu ya kukataa yote. Mimi ningekuwa mwenyekiti ningekataa, na unajua ninavyokipenda Kiswahili.

Iandike upya unitumie kabla ya Ijumaa, mpe yule dereva wa taksi wa siku zote. Na Zubeda mwambie sweta yake aliisahau hapa, nimeshaifua.

Wako,
Mama Shaban